Saa ya kuamsha kompyuta: ni nini, na kwa nini rekodi hukosekana

Kuamsha kompyuta kwa saa maana yake ni kuiacha imelala au imezimwa, nayo ijiwashe dakika uliyoipanga, irekodi kipindi cha televisheni, kisha ilale tena. Anayekesha si programu, kwani programu nazo zimelala. Ni saa ndogo iliyo kwenye bodi mama, inayotunzwa na betri bapa ya volti 3 iitwayo CR2032.

Betri hiyo hutunza saa tu. Haiwezi kuwasha mashine. Ili iwake, kompyuta ya mezani inahitaji ule umeme mdogo wa volti 5 unaobaki ndani yake hata ikiwa imezimwa. Ukichomoa prizi kabla ya kutoka, hakuna kitakachoamka. Na hapa Goma, ambako umeme hukatika bila taarifa, mashine iliyolala hupoteza kila kilichokuwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), na nyingi haziamki tena hata umeme ukirudi. Onduleri ndogo (UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) inaweza kusaidia kuvuka muda huo, maana kompyuta iliyolala hula wati chache. Laptopu yenye betri nzima haina taabu hiyo.

Kwenye Linux, jaribu kwanza:

sudo rtcwake -m mem -s 120

Mashine italala na kuamka baada ya dakika 2. Isipoamka, fungua BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi mama, kabla mfumo haujaanza) uruhusu kuamka kwa saa. Ikikubali, pangia kipindi cha 21:00 hivi:

sudo rtcwake -m mem -t $(date -d '20:55' +%s)

Zile dakika 5 za mbele zina kazi: tyuna ya USB (kifaa cha kupokea mawimbi ya televisheni) huchelewa kutambuliwa na kushika mawimbi. MythTV, programu ya kurekodi televisheni, inaweza kuita amri ya namna hii yenyewe kwa kila rekodi inayofuata, ukishaiandika kwenye mipangilio yake. Windows nayo hupangwa kwenye Planificateur de tâches (programu yake ya kupanga kazi), kwa kuruhusu kazi husika iamshe mashine.

Sasa suala la saa, ambalo huharibu rekodi nyingi kuliko tyuna mbovu. Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa 1: mechi iliyotangazwa huko kuwa ya 20:00, hapa ni 21:00. Kwenye mipangilio ya saa za eneo, chagua Africa/Lubumbashi, si Africa/Kinshasa. Tena, kama mashine moja ina Windows na Linux, Windows huandika saa ya hapa kwenye bodi, Linux huandika UTC (saa ya kimataifa). Tofauti ni saa 2: kengele uliyotegeshea 20:55 inaweza kulia 18:55. Amri timedatectl itakuonyesha saa ya bodi. Kwa Goma, ikiwa bodi inatunza UTC, inapaswa kuwa nyuma ya saa ya hapa kwa saa 2 kamili. Ikionyesha mwaka wa zamani sana, badilisha CR2032.

Mwisho ni diski. Kituo cha HD cha megabiti 6 kwa sekunde hula takriban GB 2.7 kwa saa. Diski ya FAT32 (namna ya zamani ya kupanga faili kwenye diski) haipokei faili inayozidi GB 4, na kikomo hicho hufikiwa kwa dakika 95 hivi: mechi inakatika kipindi cha pili, kabla ya filimbi ya mwisho. Iformati kwa ext4 (ya Linux) au NTFS (ya Windows).