Mabaka Meusi Kwenye Samaki Aina ya Besi

Umemvuta besi kutoka mtoni, na unapomtoa ndoana mdomoni unaona ubavuni doa jeusi tii, kama wino uliomwagika. Unalisugua kwa kidole gumba, halitoki. Wavuvi wengi hapo humtupa kichakani, wakiamini maji yametiwa sumu. Naomba usimtupe.

Huko Marekani, kwa mfano kwenye mto Potomac na majimbo ya Michigan na Vermont, mabaka haya huonekana kwa besi wa mdomo mkubwa (Micropterus salmoides) na wa mdomo mdogo (Micropterus dolomieu), mara nyingi wale wakubwa waliokwisha kukomaa. Watafiti wa USGS, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa jiolojia na maliasili, wamekuta virusi vya kundi la adomavirusi katika ngozi yenye mabaka. Seli zinazotengeneza rangi nyeusi huongezeka mahali pale, na doa linatanda mwilini, kwenye mapezi, midomoni, hata ndani ya kinywa. Hujitokeza zaidi miezi ya baridi na kufifia maji yakipata joto. Samaki hafi kwa ajili yake, na hakuna ushahidi kwamba virusi hivi humwambukiza binadamu.

Lakini hakikisha kwanza unachokiona. Pitisha kidole taratibu. Baka la virusi ni bapa: magamba yapo mahali pake, ngozi ni laini na ute wake, ila rangi tu imebadilika. Ukihisi vipele vidogo mithili ya punje za pilipili manga, hao ni minyoo. Ndege anayekula samaki, kama mdiria, hudondosha mayai ya minyoo majini pamoja na kinyesi. Vifaranga vya minyoo huingia kwenye konokono, kisha hutoka na kujichimbia katika ngozi ya samaki. Samaki naye humzungushia kila mnyoo ganda na rangi nyeusi. Mzunguko huu ni wa kale na umeenea sana, nao hauoneshi kwamba maji ni machafu. Ukimpika samaki mpaka nyama ya ndani ifike nyuzi joto 63 za Selsiasi, minyoo hao wanakufa.

Samaki mwenye vidonda vilivyo wazi, usaha au uvimbe ni suala lingine. Huyo usimle.

Ukimpata mwenye mabaka bapa, mpige picha ya ubavu mzima, andika tarehe na jina la mto au ziwa, kisha itume kwa ofisi ya uvuvi ya eneo lako. Michigan na Vermont zimewaomba wavuvi wafanye hivyo, kwa kuwa wataalamu hawawezi kuwa kila ukingo wa mto, ilhali wewe upo. Ukimrudisha, mrudishe pale pale ulipomtoa. Kumsafirisha samaki hai kwenye tangi la boti hadi ziwa jingine ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko doa lenyewe, maana maradhi husafiri naye.

Wasomaji wa Kenya wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Besi wa Ziwa Naivasha si mwenyeji: alipandikizwa humo mwaka 1929, na asili yake ni Marekani. Ukivua Naivasha ukaona doa la namna hii, mpelekee afisa wa uvuvi picha siku hiyo hiyo.