Pilipili Siyo Viungo, na Korma Haikubuniwa kwa Ajili ya Wazungu

Ijumaa iliyopita, kama saa tatu kasoro usiku, mhudumu alirudi jikoni na korma ya mbuzi, ule mchuzi mweupe wa Kihindi wa mtindi na korosho, iliyochotwa vijiko viwili tu. "Shefu, meza ya nane wanasema haina viungo. Yule kijana anauliza kama hii ndiyo mnayowapikia Wazungu."

Nikalisogeza bakuli puani. Basibasi imo. Iliki imo, ile ya kijani na ile nyeusi kubwa yenye harufu ya moshi. Karafuu, mdalasini, kungumanga, pilipili manga, bizari nyembamba, zote zimo, na juu yake matone mawili ya kewra, maji ya maua ya jamii ileile ya mkadi ambao bibi zetu wa Pwani huutia kwenye vikuba. Korma ile ilikuwa na viungo vingi kuliko chakula kingine chochote kilichotoka jikoni usiku ule. Kilichokosekana ni kitu cha kumtoa mtu jasho.

Nikakata pilipili mbuzi mbili, nikazipeleka kwenye kibakuli, maana chakula amelipia na ni chake. Lakini nimesimama mbele ya karai na tanduri za mikahawa ya Kihindi jijini Nairobi miaka 19 sasa, na neno hili nimelisikia kutoka kwa vijana, wazee, mabwana harusi na wakubwa wa maofisi. Leo nimechoka nalo, naliandika.

Kosa linaanzia mdomoni kabla ya chakula kufika. Siku hizi mtu akisema chakula "kina viungo" anamaanisha kinawasha. Kiswahili hakikutufundisha hivyo. Kiungo kinaunga. Mboga ya kuunga ni ile iliyopitishwa kwenye mafuta, kitunguu na harufu zake, na kinyume chake ni chukuchuku, ile iliyochemshwa kwa maji na chumvi basi. Unaweza kupika mboga chukuchuku ukaitia pilipili kumi, machozi yakakutoka, na bado ikawa chukuchuku. Na unaweza kuunga mchuzi usiku kucha bila punje moja ya pilipili kali.

Kuwasha kwenyewe si ladha hata kidogo. Ile dawa iliyomo ndani ya pilipili, kapsaisini, hugusa mishipa inayopeleka habari za joto na maumivu, ileile inayolia ukinywa chai ya moto. Ndiyo sababu unaisikia mkononi ukimaliza kuzikata, na machoni ukisahau kunawa. Haiyeyuki majini, kwa hiyo maji ya barafu unayoyaomba kwa pupa yanaisambaza tu. Omba lasi au mtindi, maziwa huishika na kuibeba.

Halafu kuna hili la "Wahindi ndio wenye pilipili." Pilipili hizi zinazowasha, mbuzi, kichaa na ndugu zao wote, asili yake ni Marekani ya Kati na Kusini. Vasco da Gama alipopewa rubani hapa kwetu Malindi, Aprili 1498, akavuka mpaka Kalikuti kutafuta pilipili manga na mdalasini, India nzima haikuwa na pilipili kali hata moja. Zilikuja baadaye, katika karne ya 16, ndani ya majahazi ya Wareno waliokuwa wameishika Goa, pwani ya magharibi ya India, tangu 1510. Kabla ya hapo, mpishi wa Kihindi aliyetaka ukali alitumia tangawizi, pilipili manga, na pilipili ndefu iitwayo pippali. Neno letu lenyewe, pilipili, limetokana na hiyo pippali, likapitia kwa Waajemi na Waarabu. Yaani jina ni la mwenyeji wa zamani, na mgeni amelivaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa wale wa meza ya nane walione kwa macho yao, wasimame nami jikoni dakika tano tu.

Chukua bizari nyembamba, wengine mnaiita jira. Mafuta yakiwa hayajapata moto, punje hukaa chini kama mchanga, zinanyonya mafuta, zinalegea, harufu haitoki. Yakiwa tayari, punje zinaanza kuzungukwa na mapovu madogo, zinasogeasogea zenyewe, na rangi inatoka ya majani makavu inaingia ya udongo. Harufu nayo inageuka, kwanza ni kali na mbichi, halafu inakuwa kama ya njugu zinazokaangwa. Hapo una pumzi moja. Ukigeuka kufuata kitunguu thomu ulichokisahau meza ya pili, ukirudi zimeshakuwa nyeusi, na uchungu ule hautoki hata umwage krimu ya ndoo nzima. Jikoni kwetu hiyo inatupwa, karai inaoshwa, tunaanza upya.

Na kila kiungo kina saa yake. Haradali inataka mafuta ya moto zaidi, isipopasuka haijafanya kazi. Mvuje unaingia mwishoni, kufumba na kufumbua, na ukizidisha kidole nyumba nzima inanuka dawa. Giligilani iliyosagwa huungua upesi sana, ndiyo maana huikoroga kwanza kwa maji kidogo. Garam masala, ule mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa, hutiwa sufuria ikikaribia kuepuliwa, kwa sababu harufu zake ni nyepesi, zinapanda na mvuke zikapotea. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko majini. Ndiyo maana tunaanza na samli, na ndiyo maana kile kijiko cha unga wa manjano kinachotupwa kwenye mchuzi unaochemka hakikupi ladha ya Kihindi. Kinakupa rangi, na harufu ya vumbi.

Hii ndiyo kazi unayoilipia. Kuhusu bei sina maneno mengi: zafarani ni ghali, na mikono iliyojua kungoja ile pumzi moja nayo ni ghali.

Rangi nayo inawadanganya watu. Wanaona kuku wa tanduri mwekundu kama moto wanaanza kujipepea kabla hawajaonja. Wekundu ule, pale ambapo mpishi hakutumia rangi ya dukani, ni pilipili ya Kashmir, nyekundu sana na pole sana. Ukipima kwa Skovili, kipimo cha ukali wa pilipili, haifiki mbali na 2,000, na pilipili mbuzi inapita 100,000. Korma nyeupe nayo inahukumiwa kwa weupe wake, kana kwamba mtindi, korosho na kitunguu cha kukaanga vimekuja kuficha uzembe wa mpishi.

Chakula kile ni cha Awadh, kaskazini mwa India, cha mji wa Lucknow, kilichonolewa katika majumba ya manawabu, watawala wa zamani wa huko, na pale ufundi ulipimwa kwa harufu. Kuna upishi wao uitwao dum. Chungu kinafungwa kwa kinyunga cha unga mdomoni kote, makaa kidogo chini, makaa kidogo juu ya kifuniko, na kinaachwa. Nilipoelezwa mara ya kwanza na mzee wa Lucknow aliyenifundisha kazi, tuliyemwita Ustad, nilicheka kwa furaha, nikamwambia kwetu Mombasa mama yangu hupalia wali hivyohivyo. Akanijibu, "Basi wewe mwanangu umeshajua nusu." Imtiaz Qureshi, bingwa wa dum aliyetunukiwa nishani ya Padma Shri ya serikali ya India mwaka 2016, ndiye aliyeutoa upishi huu kwenye majiko ya nyumbani na ya harusi akauweka juu ya meza za hoteli kubwa ya Delhi. Unapofunguliwa chungu cha dum mezani, ule mvuke wa kwanza ni sehemu ya chakula. Mteja aliyeinamia simu wakati ule ameshakosa robo ya alichokiagiza.

Tena "Kihindi" ni kipana mno kukipima kwa ulimi mmoja. Hapa Nairobi familia nyingi za Kihindi ni za Kigujarati, na dengu zao huingia sukari guru na kitu kichachu, zikawa tamu na chachu pamoja. Tunao wateja wa Kijaini, dini ya kale ya India, ambao hawali kitunguu, kitunguu thomu wala kiazi, wala chochote kinachong'olewa na mzizi wake. Kuwapikia hao ndipo utajua kama mpishi ni mpishi. Ule mvuje nilioutaja, ukipita kwenye samli kwa kiasi chake, unakupa kivuli cha kitunguu ambacho hakipo kwenye sufuria. Wamekula hivyo vizazi na vizazi, na hakuna mtu mwenye akili anayewaambia chakula chao si cha Kihindi.

Nisiwaonee wapenda pilipili lakini, maana kosa hili lina pacha wake. Yuko anayeagiza laal maas, nyama nyekundu ya Rajasthan, halafu anasema "pilipili usitie." Laal maas bila pilipili ni nyama ya mtindi na kitunguu thomu. Pilipili ndiyo mchuzi wenyewe, hutiwa kwa kilo, na hapo nakubali: iwashe. Vindaloo nayo ina kesi yake. Jina limetoka kwa Wareno, ni divai na kitunguu saumu, na Wagoa wakaigeuza siki na pilipili. Haina uhusiano wowote na kiazi, ingawa kwa Kihindi kiazi kinaitwa aloo na menyu kibao zinakitia humo kwa sababu ya jina tu. Uchachu wa siki ndio unaotakiwa kukufikia kwanza, moto uje nyuma yake. Wanaoipika iwe shindano la nani atalia wameipoteza.

Kwa hiyo ukiniuliza "iwe kali kiasi gani?" nitakuuliza ni chakula cha wapi. Cha Andhra, kule kusini mwa India, ukikipunguza moto umekivunja. Cha Lucknow ukikiongeza moto umekivunja vilevile, kwa sababu basibasi na mkadi ni sauti ndogo, na pilipili mbuzi ni ngoma ya harusi. Hazisikiki pamoja.

Yapo pia mambo ambayo sisi wapishi tunayasema kwa kujiamini kuliko tunavyostahili. Tunawaambia wateja naani ya tanduri la makaa ina ladha ya moshi. Mwaka juzi tulijaribu jikoni, naani za makaa na za gesi, watu sita tumefumbwa macho kwa vitambaa. Hakuna aliyepatia mfululizo, nami nikiwemo. Nikifikiri sasa naona sababu: tanduri huweza kufika nyuzi 400 za Selsiasi, naani inakaa humo kama dakika moja na nusu, moshi hauna nafasi ya kuingia. Kinachoipa naani utamu wake ni lile joto kali na yale madoa meusi, ambayo tafadhali msiyabandue mkidhani imeungua. Kwa mishkaki na kuku tulitofautisha wote. Mafuta yake hudondoka kwenye makaa, yakarudi juu yakiwa moshi. Tangu siku ile nimeacha kuisifia naani kwa makaa.

Jingine ni kuroweka. Vitabu vinasema nyama ilale kwenye mtindi usiku kucha viungo "vipenye." Nimekata mapande ya kuku aliyelala hivyo nikayaangalia chini ya taa. Manjano imeingia unene wa ukucha, ndani kweupe. Chumvi ndiyo inayosafiri. Naendelea kuroweka kwa sababu ngozi ya juu inakuwa laini na inashika vizuri kwenye moto, lakini siwaambii tena wanafunzi wangu kwamba iliki imefika mfupani. Na papai bichi, lile tunalolitia kwenye mishkaki Pwani na watu wa Lucknow kwenye galouti, kababu zao laini, nalo lina saa zake. Likizidi, huna nyama tena, una uji. Kuhusu hilo sina shaka yoyote.

Leo ni Jumamosi. Ikifika saa nne usiku tutaweka jikoni mguu wa ng'ombe wa nihari, tuufunike kwa kinyunga, uive polepole mpaka alfajiri. Jina lake ni lilelile neno tunalolisikia kwenye tenzi, laili na nahari, kwa sababu huliwa kunapokucha. Mchuzi wake ni mzito, una shamari, tangawizi kavu na pilipili ndefu, ile pippali ya zamani, ambayo naiagiza hasa kwa ajili yake. Pilipili mbichi huletwa pembeni kwenye kisahani, pamoja na ndimu na tangawizi iliyokatwa nyembamba, kila mtu ajitilie. Ndivyo wanavyoila wenyewe huko Lucknow na Delhi.

Nimemwambia mhudumu kijana wa meza ya nane akirudi asimpe menyu kwanza. Amletee kikombe kidogo cha mchuzi ule, kitupu, na kisahani cha pilipili kibaki jikoni mpaka amalize kukinusa.