Kung'oa boksi la hewa hakuongezi nguvu

Wapenzi wa pikipiki za zamani za mbio wengi wanaamini kwamba ukitoa boksi la hewa (kasha la chujio ambalo injini huvuta hewa kupitia kwake) na kufunga chujio dogo la koni kwenye kila kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, injini itapumua vizuri na nguvu itapanda. Mlio unapanda kweli. Nguvu ni habari nyingine.

Boksi lile halikuwekwa kuziba njia. Linaipa kabureta hewa iliyotulia, na jeti, yaani vitundu vinavyopima petroli, zilichaguliwa kulingana nalo. Hewa ikiongezeka petroli ikabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mwepesi: pikipiki inasita ukifungua mafuta katikati, plagi zinatoka nyeupe, injini inachemka, na mwisho wake pistoni inaweza kutoboka. Kubadilisha jeti kuu peke yake hakutoshi. Sindano ya ndani ya kabureta, inayopima petroli ukifungua mafuta katikati, nayo hurekebishwa.

Kabureta za diaframu (utando wa mpira) ndizo zenye visirani zaidi. Slaidi yake, kizibo kinachopanda na kushuka kupitisha hewa, hainyanyuliwi na kebo bali na tofauti ya shinikizo la hewa, ikipitia vitundu vilivyo mdomoni mwa kabureta. Mpira wa chujio la bei rahisi mara nyingi huingia ndani sana na kuvifunika. Hapo utabadilisha jeti mpaka uchoke. Chungulia kwa tochi kabla ya kukaza klampu.

Halafu kagua mipira inayounganisha kabureta na injini. Ikikakamaa na kupasuka huvuta hewa ya wizi. Injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kufunguliwa mafuta, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umeupata mwanya.