Je, wajua kwa nini uso mwekundu hupakwa kijani?

Kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo au River Road, hukosi kukuta kichupa cha krimu ya kijani hafifu kando ya fandesheni na pauda. Hiyo ni praima. Hupakwa kabla ya fandesheni, na ubavuni imeandikwa kwamba huondoa wekundu wa uso. Anayeiona mara ya kwanza hushangaa, na ana haki. Nani anajipaka kijani usoni akienda harusini?

Jibu linalozunguka mitandaoni ni fupi: nyekundu na kijani zinatazamana kwenye gurudumu la rangi, lile duara linalopanga rangi kwa zamu, basi zikikutana zinauana. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowatia watu hasara. Changanya rangi ya maji nyekundu na ya kijani kwenye kisahani uone. Hupati weupe wala rangi ya ngozi. Unapata kahawia ya tope, yenye giza kuliko zote mbili. Hakuna kilichouawa pale, ila mwanga umepungua. (Gurudumu lenyewe lina ubishi wake: wachoraji huweka kijani mkabala na nyekundu, wanafizikia huweka samawati-kijani.)

Ili kuelewa, anza na damu. Uso unapoiva kwa jua, chunusi au rosasea, ugonjwa wa ngozi unaouacha uso mwekundu, vishipa vidogo vya damu vinakuwa vimetanuka chini ya ngozi. Himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ikiwa imebeba oksijeni ina ulafi wa kuchagua. Hufyonza sana mwanga wa urujuani, karibu na nanomita 415 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kisha hufyonza tena kwenye nanomita 542 na 577, yaani kijani na mpaka wake na manjano. Mwanga mwekundu huuachia upite karibu wote. Kwa hiyo shavu jekundu halitoi nyekundu ya ziada, bali linatoa kijani pungufu.

Ulafi huo unaweza kuuona mkononi mwako. Geuza saa janja utazame mgongo wake: zile taa za kijani hutambua mapigo ya moyo kwa kupima mwanga unaomezwa damu inapojaa na kupungua kwenye vishipa. Madaktari wa ngozi nao wana leza ya kijani ya nanomita 532. Damu inaumeza mwanga huo, inapata joto, na kishipa kilichotanuka kinaziba.

Sasa chukua mizani ya sokoni, ile ya sahani mbili. Sahani moja ni mwanga mwekundu unaorudi kutoka shavuni, nyingine ni wa kijani. Kwenye ngozi iliyotulia zinakaribiana kwa namna ile jicho lako lilivyoizoea. Damu ikijaa, sahani ya kijani inanyang'anywa mzigo, na mizani inalalia upande wa nyekundu. Praima ya kijani hufanya mambo mawili. Chembe zake hurudisha kijani kidogo kabla hakijafika kwenye damu, na kubwa zaidi, zinameza sehemu ya nyekundu. Yaani kusawazisha mizani kunafanyika hasa kwa kupunguza upande uliolemea. Sahani zinalingana, lakini mzigo wote kwa jumla umeshuka, na jicho linasoma upungufu huo kama kijivu au giza.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana praima nyingi za aina hii ni za kijani kilichopauka. Pamoja na rangi ya kijani, mara nyingi oksidi ya kromi inayoandikwa kwenye orodha ya viungo CI 77288 au ndugu yake CI 77289, wanatia titani dioksidi, CI 77891, ambayo ni nyeupe pe. Hiyo inaongeza mzigo kwenye sahani zote mbili kwa mkupuo. Kwa ngozi nyeupe hesabu inakubali, kwa sababu ngozi hiyo yenyewe hurudisha mwanga mwingi.

Kwa ngozi nyeusi hesabu inakataa. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, humeza mwanga wa kila rangi, zaidi upande wa bluu, kwa hiyo sahani zote zilikuwa nyepesi tangu mwanzo. Ukimwaga weupe wa titani juu yake unapata ule uso wa majivu unaoonekana kwenye picha za harusi zilizopigwa kwa fleshi, shingo ikiwa na rangi yake na uso na yake. Tena kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa ngozi iliyojaa damu mara nyingi hauonekani mwekundu hata kidogo. Unaonekana kama kahawia iliyokolea au zambarau, jambo linalochangia rosasea kuchelewa kutambuliwa kwa watu weusi.

Na doa jeusi linalobaki chunusi ikishapona ni habari nyingine kabisa. Hilo ni melanini iliyozidi, wala si damu. Kijani hakina cha kusawazisha pale. Wapambaji wa maharusi hutumia rangi ya chungwa, au ya pichi kwa ngozi ya maji ya kunde, kwa sababu doa la namna hiyo huvuta kuelekea kijivu au bluu, na chungwa humeza bluu huku likirudisha nyekundu.

Kabla ya kutoa hela, basi, jua ni nini kilicho chini ya ngozi yako. Bonyeza sehemu yenye rangi kwa kitako cha glasi safi inayopitisha mwanga. Rangi ikififia kisha ikarudi ukiachia, ni damu iliyo ndani ya vishipa, na kijani kinaweza kusaidia. Ikibaki vilevile, kwa kawaida ni melanini, nenda kwenye chungwa. Kwenye ngozi nyeusi sana kipimo hiki ni kigumu kusoma, kwa hiyo kisikupe uhakika mkubwa. Na kama ni madoa ya zambarau yasiyofifia yaliyokuja pamoja na homa, acha habari ya vipodozi uende hospitali siku hiyohiyo.

Kosa la pili ni kupaka uso mzima. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, aliwahi kulalamikiwa kwamba rangi yake nyeusi ilikuwa hafifu. Alichunguza akakuta rangi haina kasoro. Tatizo ni nyuzi za jirani zilizokuwa zikilihadaa jicho. Mwaka 1839 alichapisha sheria yake: rangi zinazopingana zikiwekwa kando kwa kando hukolezana. Kijani kilichokaa juu ya wekundu huupunguza, lakini kijani kile kile kikibaki kando yake huufanya uonekane mwekundu zaidi. Hapo ndipo utundu wenyewe ulipo. Paka kidogo, pale tu palipoiva, gongagonga kwa kidole mpaka kingo zipotee, halafu fandesheni. Kama bado unakiona kijani, umezidisha.

Neno “hutuliza” kwenye chupa lisikuvutie kwa sababu ya rangi. Kijani hakitulizi chochote. Kama kuna tiba mle, itakuwa ni kiungo kingine, kwa mfano niasinamidi, aina ya vitamini B3.

Watu wenye ualbino kijani kingewafaa kwa upande wa rangi, lakini wekundu wao mara nyingi ni kuungua na jua, na kinachotakiwa hapo ni krimu ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao.

Kuna na wekundu wa mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, yaani dawa za kushusha uvimbe, na zikitumika usoni kwa muda mrefu ngozi hukonda na vishipa hutanuka mpaka vikaonekana kwa macho. Huo ni wekundu wa damu kweli, na praima ya kijani inaweza kuupunguza kwa saa chache. Steroidi ikiachwa ghafla, uso huwaka zaidi kwa wiki kadhaa, na wengi hapo hurudi kwenye kopo lile lile wakidhani lilikuwa linawatibu. Daktari wa ngozi huiondoa kwa utaratibu, mara nyingine kwa kushusha nguvu yake hatua kwa hatua.