Majibu ya maabara yakisema "haikugundulika"

Wiki hii nimeulizwa tena: "Sasa kama mashine haijaona sumu, si ina maana hakulishwa?" Safari hii aliyeuliza ni mpelelezi, tena mzoefu, na jalada lilikuwa mkononi, tayari kwenda kufungwa. Mwezi uliopita alikuwa baba wa marehemu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Dhana: Sampuli ikiingia kwenye mashine, mashine itataja sumu yoyote iliyomo.

Mashine ya namna hiyo haipo, si hapa si Ulaya. Kila kipimo huona kile tu kilichotengenezwa kukiona. Kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, ambayo ndiyo tegemeo la maabara nyingi za sumu, hutaka kitu kinachogeuka mvuke bila kuharibika. Viuatilifu vingi vya oganofosfeti hupita humo vizuri. Parakwati, dawa ya kuua magugu, haipiti. Mtu anaweza kufa kwa parakwati na chati ya mashine hiyo ikatoka safi kabisa. Aseniki na thaliamu hutafutwa kwa vipimo vya elementi, kama ufyonzaji wa mwanga wa atomi. Insulini ni protini, nayo ina njia yake.

Kwa hiyo fomu inapoletwa ikiwa na maneno mawili tu, "chunguza sumu", mkemia ataanza na orodha yake ya kawaida. Kisichokuwemo kwenye orodha hakitafutwi, na kisichotafutwa hakionekani. Majibu sahihi husomeka hivi: haikugundulika, kwa njia hii, katika sampuli hii, juu ya kiwango hiki. Watu husoma neno la kwanza na kuacha mengine yote.

Hata wenye vifaa vyote hukwama hapo. Alexander Litvinenko, jasusi wa zamani wa Urusi, alipolazwa London mwaka 2006, madaktari walishuku thaliamu, kwa sababu nywele zilikuwa zinanyonyoka. Kipimo cha kawaida cha mionzi hakikuonyesha kitu. Sumu yenyewe ilikuwa poloniamu-210, ambayo miale yake ya alfa haina nguvu ya kupenya hata ngozi ya mtu na kufikia kifaa kilicho nje. Mkojo wake ulipopelekwa kwa wataalamu wa nyuklia wa Aldermaston, jibu lilipatikana saa chache tu kabla hajafariki, tarehe 23 Novemba.

Halafu kuna sampuli zenyewe. Damu iliyotolewa siku ya nne hospitalini, baada ya dripu kadhaa, si damu ya usiku ule alipoanza kutapika. Mwili ukishadungwa fomalini, dawa ya kuhifadhi maiti, sianidi huungana nayo, na unachopima baada ya hapo si kile alichokufa nacho. Kama kuna shaka yoyote, damu, mkojo na vilivyomo tumboni vichukuliwe kabla ya fomalini. Ninawasihi ndugu na askari kwa pamoja: leteni na chupa, kikombe, sufuria, mfuko wa dawa, hata kama vinaonekana vitupu.

Kesi moja haijanitoka. Damu ilikuwa imepimwa na majibu yalikuwa kimya. Ndipo shemeji wa marehemu akamkabidhi askari kikombe cha plastiki alichokikuta uvunguni mwa kitanda. Chini yake palikuwa na ukoko mwembamba wa rangi ya kijani na buluu. Tuliukwangua, tukauyeyusha kwa maji, tukatia alkali kidogo na chembe za ditionaiti ya sodiamu. Neli ikakolea buluu nzito palepale. Tukarudi kwenye mkojo uliokuwa umebaki kwenye friji, tukarudia, ukageuka buluu vilevile. Parakwati. Baada ya hapo tulithibitisha kwa kromatografia ya kimiminika, lakini kilichotufungulia njia ni kikombe. Mkojo ule ulikuwa hapo muda wote, hakuna aliyeuliza swali linalouhusu.

Dhana: Povu mdomoni, au mwili kuwa mweusi, ni sumu.

Povu hutoka kwa aliyezama majini, aliyepata kifafa, hata ambaye moyo wake ulishindwa na mapafu yakajaa maji. Weusi na uvimbe ni mwili kuoza, na joto letu huharakisha. Watu wamechomewa nyumba kwa ushahidi wa povu. Subirini uchunguzi.

Dhana: Unga ukigeuka buluu kwenye kipimo cha uwanjani, ni kokeini.

Kobalti thiosianeti, kemikali ya kipimo hicho, hugeuka buluu pia kwa difenihidramini, dawa ya mzio inayouzwa dukani. Kipimo cha rangi kinakuambia upime zaidi, basi. Kifaa cha leza cha mkononi kinachosoma kwa Raman, yaani kwa mwanga unaotawanywa na kitu, nacho hukosea upande wa pili: husoma kilicho kingi. Heroini kidogo ndani ya parasetamoli nyingi itaitwa parasetamoli. Vyote viwili havitoshi kumfunga mtu wala kumwachia.

Dhana: Pombe ikikutwa kwenye damu ya marehemu, alikuwa amelewa.

Bakteria wa mwili unaooza hutengeneza ethanoli wenyewe, na huendelea kuitengeneza ndani ya kichupa kama hakuna floridi ya sodiamu ya kuwazuia. Familia zimebishana na kampuni za bima kwa sababu ya kichupa kisicho sahihi. Tumieni chenye kifuniko cha kijivu, ndicho chenye floridi, kikae kwenye baridi, na daktari achukue pia majimaji ya ndani ya jicho: huko bakteria huchelewa kufika. Damu ikiwa na pombe na jicho halina, nitaliamini jicho.