Ufafanuzi: Kuishi pamoja miezi sita si ndoa

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miezi sita, sheria inawahesabu mume na mke, na wakiachana mali inakatwa nusu kwa nusu. Si kweli.

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja miaka miwili au zaidi. Na muda peke yake hautoshi: lazima wawe wameishi kwa namna iliyofanya watu wanaowazunguka wawatambue kuwa mume na mke. Hapo mahakama huchukulia kwamba walioana, lakini hiyo ni dhana tu, na upande wa pili unaweza kuleta ushahidi wa kuipinga. Dhana hiyo ikianguka, mwanamke bado ana haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto. Jambo hili, zito kuliko yote kwa maoni yangu, ujumbe haulitaji kabisa. Kuhusu mali, mahakama hupima mchango wa kila mmoja, kazi za nyumbani zikiwemo.

Mkanganyiko unaeleweka. Majirani wakishazoea kumwita mtu "shemeji", nani atauliza cheti?

Ukiupokea tena, tafadhali usiusambaze. Kuna dada anayeweza kupanga maisha yake kwa kuuamini. Soma kifungu chenyewe, au muulize msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe.