Flagyl: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katika maduka mengi ya dawa ya Tanzania na Kenya, mwenye kuumwa tumbo huuliza Flagyl kabla hata hajaeleza linavyomuuma, kwa kuamini kwamba hiyo ndiyo dawa ya tumbo. Sivyo. Metronidazoli, kwa jina lake la kitaalamu, huua vimelea kama amiba na giadia, pamoja na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Ikishaingia ndani ya vijidudu hivyo hugeuka kikemikali ikawa sumu inayoharibu DNA ya vijidudu vyenyewe, mageuzi ambayo oksijeni huyazuia. Virusi navyo haiviwezi kabisa. Kwa kuwa kuhara kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, hasa rota, mtoto anayeharisha majimaji huhitaji ORS na zinki, na kumpa Flagyl ni kumwongezea kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni bure.

Wengine huikataa paketi iliyoandikwa metronidazoli pekee, wakidai wapewe "Flagyl yenyewe". Flagyl ni jina la biashara tu. Kiambato ni kilekile.

Wala dawa hii haikutafutwa kwa ajili ya tumbo. Chimbuko lake ni azomisini, kemikali iliyopatikana Japani miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria, ambayo watafiti wa kampuni ya Rhône-Poulenc, Ufaransa, waliifanyia kazi wakisaka tiba ya trikomonasi, ugonjwa wa zinaa. Nguvu yake dhidi ya bakteria ilijulikana kwa bahati: mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza, David Shinn, aliandika kuhusu kupona kwa vidonda vya fizi, baada ya mgonjwa aliyekuwa akitibiwa trikomonasi kupata nafuu ya kinywa pia. Ndiyo maana hadi leo huandikiwa wenye jipu la jino, na hutolewa kabla ya upasuaji wa utumbo mpana.

Dhana ambayo mimi naiona mbaya kuliko zote ni kwamba tumbo likitulia siku ya pili, vidonge vilivyobaki viwekwe akiba. Amiba walio hai ndani ya ukuta wa utumbo huhitaji dozi nzima, na hata ikimalizika, vifuko vyao, yaani amiba waliojifunga ndani ya ganda, vilivyomo ndani ya utumbo huweza kubaki, kwa sababu metronidazoli haivimalizi vizuri. Kwa hiyo daktari huongeza dawa nyingine, kama diloksanaidi, ili mgonjwa asiendelee kuvitoa chooni na kuwaambukiza wengine.